Risiti Zako Zina Kazi Nyingine: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa

Ndugu wafanyabiashara wa Mwanza, nanyi mliotoka Musoma, Bukoba, Geita, Bariadi na Shinyanga. Kina mama wa Mwaloni. Wenye viwanda wa Nyakato. Mawakala wa forodha na wenye magari: asanteni kwa kufika. Mada ya leo ni faida za kujiunga na chama cha kutetea maslahi ya wafanyabiashara wa ukanda wetu. Nitaanza na faida moja ambayo ndiyo inayozaa nyingine zote, kisha nieleze inapatikanaje, maana wapo wengi waliolipa ada mwaka mzima bila kuiona, wakaondoka wakisema vyama ni vya watu kula hela.

Faida yenyewe ni hii. Chama kinachofanya kazi kinaichukua hasara yako, kinaiunganisha na za wenzako, kinaipa tarakimu na kifungu cha sheria, kisha kinaipeleka kwenye ofisi yenye mamlaka ya kuiondoa, katika mwezi ambao ofisi hiyo inapokea hoja. Tarakimu, kifungu, ofisi na mwezi. Mtu aliyefungua duka saa moja asubuhi na kulifunga saa mbili usiku hana nafasi ya kuvitafuta vyote hivyo peke yake, hata awe hodari namna gani.

Kanda hii si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1952 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliunda chama chao, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation, ambao kufikia miaka ya uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Hoja iliyowaunganisha wakulima wale ilikuwa ndogo na ya kushikika: mizani. Mkulima alikuwa anaamini kwamba anapunjwa pamba yake inapopimwa. Naomba mlikumbuke hilo tunapoendelea, kwa sababu vyama vingi vinakufa kwa kuanza na hoja pana mno, za "mazingira ya biashara ni magumu", ambazo hakuna ofisa anayeweza kuzifanyia kazi hata akitaka.

Gari likikaa siku mbili mpakani

Tuchukue mzigo wa dagaa unaopakiwa Mwaloni Kirumba kwenda Uganda kupitia Mutukula. Zamani sehemu ya ucheleweshaji ilikuwa njiani, kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, foleni ile imeondoka. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni ucheleweshaji wa karatasi. Pengine afisa anataka hati ambayo ofisi iliyotoa kibali haikuitaja. Pengine upande wa pili wanakataa kuitambua hati ya afya iliyotolewa huku na wanataka sampuli ipimwe upya. Gari linalala.

Dereva na utingo wanakula kila siku. Maegesho yanalipiwa. Mwenye gari anadai siku zake. Na dagaa hawasubiri: gunia likikaa chini ya turubai wakati wa mvua, joto linapanda ndani, dagaa wanavuta unyevu, ule weupe wa fedha unageuka njano, harufu inabadilika, na mnunuzi anashusha bei au anakataa magunia ya chini kabisa ya shehena. Mwenye mzigo anaiita hali hiyo bahati mbaya. Anampigia simu mtu anayemfahamu, gari linavuka, maisha yanaendelea. Mwezi unaofuata yanamkuta yale yale.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Chukulia siku moja ya gari kusimama inagharimu sh 150,000, ukijumlisha posho, maegesho na madai ya mwenye gari. Chukulia wanachama 30, kila mmoja akipeleka magari 2 kwa mwezi. Hayo ni magari 60. Yakichelewa siku 2 kila moja, ni siku 120, yaani sh 18,000,000 kwa mwezi na sh 216,000,000 kwa mwaka, kabla hujagusa dagaa walioharibika. Mtu mmoja mwenye hasara ya sh 600,000 kwa mwezi anaonekana mlalamikaji. Watu 30 wenye karatasi ya sh 216,000,000, inayoonyesha kituo, tarehe na aina ya nyaraka iliyodaiwa, wanakuwa na jambo ambalo ofisa lazima alijibu kwa maandishi.

Lakini tarakimu hizo hazitoki hewani. Zinatoka kwenye kumbukumbu za kila mwanachama, na kumbukumbu ina sehemu zake: tarehe na saa ya kufika kituoni, na tarehe na saa ya kuvuka, aina ya bidhaa, uzito wake na msimbo wake wa forodha, jina la kituo na ofisi iliyozuia mzigo (ofisi inatosha, jina la mtu halihitajiki), nyaraka iliyodaiwa, na sheria au kanuni iliyotajwa na aliyeidai, fedha iliyolipwa pamoja na kumbukumbu namba ya malipo, na mwisho, bidhaa iliyoharibika kwa kilo. Dereva ndiye anayepaswa kuandika, kwa sababu yeye ndiye aliyepo. Mpe daftari dogo au fomu ya kujaza kwenye simu, na apige picha ya kila karatasi anayopewa.

Kinachoharibu kazi hii ni kuandika kwa kukisia baada ya mwezi kupita. Mtu anasema gari lilikaa "kama siku tano" ilhali mfumo wa forodha unaonyesha saa nyaraka zilipowasilishwa na saa mzigo ulipoachiwa. Ofisa akikuta tarakimu moja ya uongo kwenye orodha ya kesi 60, anazitilia shaka na zile 59 za kweli. Kwa hiyo chama makini kinakataa kesi isiyo na risiti au picha, hata kama mwanachama atanuna. Anune.

Kuna hofu nyingine ambayo hatuizungumzi wazi vya kutosha. Wanachama wengi hawataki kutoa takwimu zao kwa sababu wanaogopa kwamba karatasi zikishafika ofisini zitaishia kwa mtu wa kodi. Hofu hiyo ina dawa, na dawa ni utaratibu. Mtu mmoja tu wa sekretarieti anapokea kumbukumbu ghafi. Kabla hazijatoka kwake, anaondoa jina, namba ya mlipakodi na namba ya gari, anampa kila mwanachama alama, kisha anajumlisha. Kinachokwenda serikalini ni jumla, pamoja na kesi mbili au tatu za wanachama waliokubali kwa saini zao zitajwe. Uliza jambo hili kabla ya kujiunga. Chama ambacho hakiwezi kukueleza nani anashika takwimu zako usikipe takwimu zako.

Na kuhusu fedha zilizotolewa bila risiti, tuwe waangalifu. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa ana kosa kama anayepokea. Usiijaze kwenye fomu ya chama kama "gharama ya mpakani". Ukiombwa, pa kwenda ni TAKUKURU, na mapema. Chama kinaweza kukusindikiza na kukupa mwanasheria, lakini hakiwezi kuisafisha fedha iliyokwisha kutoka mfukoni.

Kila hoja ina ofisi yake

Hapa ndipo nguvu nyingi inapotea bure. Mwenye duka la jumla analalamikia kodi ya ongezeko la thamani kwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya anamsikiliza kwa heshima zote, na hakuna kinachotokea, kwa sababu hana uwezo wa kubadilisha kiwango cha kodi hata kwa senti moja.

Ushuru wa soko, ada ya maegesho, ada ya machinjio, ushuru wa huduma: hayo ni ya halmashauri, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na sheria ndogo zake. Halmashauri inapotaka kutunga sheria ndogo inapaswa kutoa tangazo na kupokea pingamizi na maoni ya wananchi kabla ya kuipitisha. Matangazo hayo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na halmashauri, yakanyeshewa mvua pale pale. Chama chenye mtu wa kuzunguka mbao hizo katika Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi na Sengerema kila wiki, akapiga picha na kuzituma kwa wanachama, tayari kimekurudishia ada yako. Pingamizi lililoandikwa ndani ya muda linaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya sheria ndogo kupitishwa unabaki kuomba huruma.

Nisimame kidogo kwenye ushuru wa huduma, kwa sababu unaeleweka vibaya. Unakatwa kwenye mauzo, haukatwi kwenye faida. Muuzaji wa jumla wa sukari mwenye mauzo ya sh 500,000,000 kwa mwaka na faida ya asilimia 2 anabaki na sh 10,000,000. Kila asilimia 0.1 inayotozwa kwenye mauzo yake ni sh 500,000, na hizo ni asilimia 5 ya faida yake. Kwa mwenye saluni au fundi wa kuchomelea, ambaye faida yake ni sehemu kubwa ya mauzo, asilimia 0.1 hiyo hiyo haimuumi hivyo. Hoja ya kwamba kiwango kimoja kinawaumiza zaidi wenye faida nyembamba haiwezi kuonekana kwenye kitabu cha duka moja. Inaonekana pale tu chama kinapoweka vitabu vya biashara za aina mbalimbali mezani kwa pamoja.

Ada za mamlaka za udhibiti, vibali na ukaguzi ni za wizara. Katika eneo hili kuna mafanikio ya kweli. Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, ambao wengi wanauita MKUMBI, ulianza kutekelezwa Julai 2019 baada ya sekta binafsi kulalamika kwa miaka kuhusu mamlaka zinazogongana. Msindikaji wa unga au asali alikuwa akihangaika kati ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na TBS, shirika la viwango, kwa bidhaa ile ile moja; mwaka huo usimamizi wa chakula ulihamia TBS. Miaka miwili kabla, mwaka 2017, ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Sheria ikishabadilika, kazi ya chama inabaki kubwa: anayesimamishwa getini na magunia 8 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, bila kuwa na nakala ya kifungu hicho, atalipa. Mwenye nakala kwenye simu yake, iliyotumwa na chama, ana la kusema.

Kodi zenyewe ni za Wizara ya Fedha na Bunge. Na ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haubadilishwi na Dodoma peke yake. Umoja wa forodha ulianza Januari 2005, na viwango vya pamoja tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi ikitaka kutumia kiwango tofauti kwa mwaka fulani, mawaziri wa fedha wanakubaliana kabla ya bajeti, na uamuzi unatangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Mwenye kiwanda wa Nyakato anayeagiza malighafi kutoka nje ya Jumuiya, akaona imewekwa kundi lisilostahili, anahitaji hoja yake ipite kwenye shirikisho la viwanda, CTI, au chemba ya biashara, viwanda na kilimo, TCCIA, ifike kwenye taasisi ya sekta binafsi, TPSF, na katika ngazi ya Jumuiya iungwe mkono na Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lenye makao yake Arusha. Ngazi hizo zinaonekana nyingi. Lakini kila ngazi inauliza maswali yale yale: tani ngapi, nchi gani, nani mwingine anaizalisha ndani ya Jumuiya, ajira ngapi. Ukiyajibu vizuri Mwanza, umeyajibu kote.

Kila hoja ina mwezi wake

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Ukirudi nyuma kutoka hapo unapata kalenda ya chama. Katikati ya Juni inasomwa bajeti, na baada yake Kamati ya Bunge ya Bajeti inaita wadau kuzungumzia Muswada wa Sheria ya Fedha. Muda huo ni mfupi mno. Anayekuja na wazo jipya mwezi Juni amechelewa. Anayefaa kuwepo pale ni yule anayerekebisha maneno ya kifungu ambacho hoja yake ilikwisha kupita. Mapendekezo ya kodi yanakusanywa miezi mingi kabla, mwishoni mwa mwaka unaotangulia na mwanzoni mwa mwaka mpya. Halmashauri nazo hupitisha makisio yao katika miezi ya mwanzo ya mwaka.

Kwa hiyo chama kinachojua kazi yake kinakusanya kumbukumbu za wanachama hadi Agosti, kinazichambua Septemba, kinaandika mapendekezo Oktoba, na kufikia Desemba yako mezani kwa wanaohusika. Ukijiunga Mei ukitarajia tozo iondoke Julai, utakasirika bure. Jiunge ukijua kwamba mzunguko wa kwanza ni wa kujenga kumbukumbu.

Hoja yenyewe iwe ukurasa mmoja, na viambatisho nyuma. Sentensi ya kwanza itaje tatizo. Ya pili itaje sheria, kanuni au waraka, na kifungu. Zifuate tarakimu za hasara. Kisha elezeni Serikali inapoteza nini, kwa mfano mizigo inayokwepa kituo rasmi na kupita njia za panya usiku, ikivuka bila kuandikwa na bila mrabaha. Mwisho wekeni maneno kamili ya kifungu mnachopendekeza. "Tunaomba Serikali iliangalie suala hili" si pendekezo. "Katika jedwali la ada, namba fulani, futa kiasi hiki weka hiki" ni pendekezo, kwa sababu ofisa anaweza kulinakili.

Mahali pa kufikishia hoja za mkoa pana jina: Baraza la Biashara la Mkoa, ambalo Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na chini yake mabaraza ya wilaya yanayoongozwa na Wakuu wa Wilaya. Yamefuata mfumo wa Baraza la Taifa la Biashara, lililoanzishwa mwaka 2001 likiwa chini ya uenyekiti wa Rais, ambamo Serikali na sekta binafsi hukaa meza moja. Viti vya sekta binafsi vinakaliwa na wawakilishi wa vyama. Asiye na chama hana kiti. Ugonjwa wa mabaraza haya unajulikana: vikao vinakaa muda mrefu bila kuitishwa, na vikiitishwa upande wetu unafika mikono mitupu. Katibu wa chama anapaswa kuomba kikao kwa barua, aambatishe agenda na ukurasa wa hoja, na baada ya kikao adai muhtasari wenye jina la ofisi iliyopewa kazi na tarehe ya kujibu. Bila tarehe, jambo limezikwa.

Mpakani kuna sheria ambayo watu hawaitumii

Mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha. Nchi inapoweka sharti linalozuia bidhaa ya nchi mwanachama bila sababu ya msingi, sharti hilo linaripotiwa, kamati ya ufuatiliaji ya kila nchi inalishughulikia na mwenzake, na likishindikana linapanda hadi kwenye vyombo vya Jumuiya. Hapo ndipo zile kumbukumbu za dereva zinapofanya kazi. Ripoti isemayo "wanatusumbua Sirari" haiwezi kupelekwa popote. Ripoti yenye tarehe, bidhaa, nyaraka iliyokataliwa na picha yake inakwenda.

Hapa pia ndipo chama cha kikanda kinapokishinda chama cha mkoa. Kikwazo kiko upande wa pili wa mpaka. Mkuu wetu wa Mkoa hawezi kukiondoa. Lakini mnunuzi wako wa Kampala au Kisumu naye anaumia, naye ana chama chake. Vyama viwili vikiwasilisha kesi ile ile, kila kimoja kwa serikali yake, katika wiki ile ile, suala linaacha kuwa la Watanzania kuwalalamikia Waganda. Linakuwa la wafanyabiashara wa pande zote mbili.

Kwa wenye mizigo midogo, hasa kina mama wanaovuka na mchele, vitunguu au dagaa, kuna cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kama bidhaa ni ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kinagongwa muhuri kituoni na kinatumika kwa shehena moja tu. Kinakuondolea ushuru wa forodha. Hakikuondolei masharti ya afya ya chakula wala kibali cha mazao ya uvuvi, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wanafika na cheti mkononi wakidhani kinatosha, wanazuiwa, wanahitimisha kwamba cheti hakina maana, kesho yake wanapita porini. Chama kikiwa na mtu mmoja anayeijua orodha hiyo na anayepokea simu saa kumi na mbili asubuhi, kinaokoa mizigo mingi kuliko semina kumi za hotelini.

Na tusisahau upande wa ubora. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na katika miaka miwili iliyotangulia kulikuwa na mizuio mingine iliyohusu vimelea na kipindupindu. Kiwanda kimoja kingeweza kuwa kisafi kama hospitali na bado kikafungiwa pamoja na wengine, kwa sababu soko lilihukumu ziwa zima. Sangara hana alama ya kiwanda anapotoka majini. Mambo kama mialo safi, barafu ya kutosha na kukataa samaki chini ya sentimita 50 hayawezi kulindwa na mnunuzi mmoja: akimkataa samaki huyo, mvuvi atauza kwa jirani. Yanalindwa na makubaliano ya wanunuzi wote, kwenye mwalo wote.

Penye wengi pana mengi

Sasa niseme yanayovunja vyama, kwa sababu mtu ajiunge akiwa macho.

La kwanza na kubwa ni wanachama kugongana wao kwa wao. Mkamuaji wa mafuta ya alizeti na pamba anataka ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje upande. Muuzaji wa jumla wa mafuta hayo anataka ushuke. Mwenye kiwanda cha minofu anataka sangara kwa bei nafuu. Mwenye mtumbwi anataka bei nzuri. Chama kikijifanya hakuna mgongano, mkubwa atashinda kimya kimya na wadogo wataondoka mmoja mmoja. Katiba iseme wazi: suala ambalo wanachama wamegawanyika, chama hakichukui upande, kinaandaa takwimu za pamoja, na kila kundi linapeleka msimamo wake. Na kura iwe ya mwanachama, isiwe ya ukubwa wa ada.

La pili ni bei. Chama hakiruhusiwi kupanga bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, kususia kwa pamoja au kupangana kwenye zabuni, na kisingizio cha kwamba yalizungumzwa kwenye kikao cha chama hakisaidii. Kinaongeza ushahidi, kwa kuwa kuna muhtasari. Mwenyekiti anayejua wajibu wake hufunga mjadala mara moja mtu anaposema "tukubaliane tusiuze chini ya hapa".

La tatu ni uongozi kutumika kama ngazi ya siasa. Kila mtu ana haki ya kugombea. Anapochukua fomu, aachie kiti cha chama siku hiyo hiyo, na hili liandikwe kwenye katiba, lisiachiwe busara ya mtu.

La nne ni kimya. Wanachama wanaacha kulipa kwa sababu hawaambiwi kitu. Ujumbe mmoja kwa mwezi unatosha: hoja zilizopokelewa, zilizopelekwa, ofisi gani, tarehe ya kujibu, zilizojibiwa, zilizokataliwa na sababu. Zilizokataliwa hasa. Mwanachama anayejua kwa nini hoja imekataliwa anakuwa na subira kuliko anayeambiwa kila kitu kinakwenda vizuri.

Kabla ya kulipa ada

Omba vitu vinne. Cheti cha usajili, uone kama ni kampuni yenye ukomo wa dhamana iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, au chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kisicho na usajili hakiwezi kushitaki, kushitakiwa wala kufungua akaunti ya benki kwa jina lake. Katiba, usome sehemu ya kura na ya ukomo wa uongozi. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Na nakala ya hoja tatu walizowasilisha, zikiwa na mihuri ya kupokelewa. Wakikosa hiyo ya nne, wewe kaa nje na uwape muda.

Wewe nawe andaa nakala ya leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha usajili wa jina au kampuni, na kitambulisho cha Taifa. Ada hupangwa kwa kawaida kwa ukubwa wa biashara. Ukijiunga kupitia umoja wa soko au wa mwalo wenu, hakikisheni katiba ya chama kikubwa inaupa umoja wenu kura yake, na mchague kwa maandishi nani ataipiga.

Mambo mengine ya uanachama, kama maonesho ya biashara, barua za utambulisho, vyeti vya uasili vinavyotolewa na TCCIA na mafunzo, yapo na yana manufaa. Muulizeni katibu mtakapopokea fomu pale mlangoni. Mezani mtakuta pia daftari la kumbukumbu za dereva, lenye safu nilizozitaja. Chukueni kwa idadi ya magari, si ya wenye magari, na kurasa za kwanza zilizojazwa zifike ofisini kabla ya Agosti kwisha.